Comenius: mchungaji mkimbizi aliyeanzia shule magotini pa mama

Mwaka uliopita papa mmoja wa paroise yetu alikuja kuniona nyumbani jioni. Binti yake alikuwa amepata diploma ya Serikali na asilimia nzuri, na familia yote ilikuwa imekwisha kukubaliana kwamba atasoma sheria au udaktari. Lakini binti mwenyewe alisema anataka kusoma malezi na mafundisho ya watoto wadogo, wale wa maternelle, tena si masomo ya muda mfupi. Alitaka kufika licence na kuendelea mbele Mungu akipenda. Papa yule alikuwa na uchungu wa kweli. Aliniuliza kuna faida gani kulipa pesa ya chuo kikuu miaka mitano ili mtoto aje kupangusa makamasi, kazi ambayo hata shangazi asiyesoma anaifanya kila siku bila mshahara. Aliomba kwamba mimi, niliyepita fakulte ya teolojia, nimsemeshe binti abadilishe mawazo.

Nilimjibu maneno machache yasiyo na nguvu, tukaomba, akaenda. Baada ya yeye kutoka nilikumbuka mtu mmoja ambaye katika darasa la historia ya Kanisa tulimpita mbio, labda kwa nusu saa, kati ya Calvin na Zinzendorf. Alikuwa askofu, mwanafunzi wa vyuo viwili vikubwa, mkimbizi kwa zaidi ya miaka arobaini. Na alitumia sehemu kubwa ya akili yake kufikiri juu ya mtoto asiyefika bado miaka sita. Ningepaswa kumsimulia papa yule habari zake. Ninazisimulia hapa.

Jan Amos Komenský, ambaye dunia inamjua kwa jina la Kilatini Comenius, alizaliwa tarehe 28 mwezi wa 3 mwaka wa 1592 huko Moravia, jimbo ambalo leo ni sehemu ya nchi ya Ucheki. Wazazi wake walikuwa washiriki wa Umoja wa Ndugu, kanisa dogo lililoanzishwa mwaka wa 1457 na wafuasi wa Jan Hus, yule mhubiri aliyechomwa moto mjini Konstanz mwaka wa 1415, miaka mia moja kabla ya Luther kusimama. Ndugu hao hawakuwa wengi wala matajiri, lakini walipenda sana mambo mawili: Biblia katika lugha ya nyumbani, na shule. Biblia yao ya Kralice, iliyotafsiriwa na wachungaji wao wenyewe, inasomwa Ucheki hata leo.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi baba yake alikufa. Mama yake alifuata muda si mrefu, na dada zake wawili vilevile. Shangazi alimchukua, wakakaa katika mji wa Strážnice, lakini mwaka wa 1605 askari waliotoka Hungaria waliuvamia mji huo na kuuchoma. Basi kabla ya kufika miaka kumi na minne alikuwa yatima na mtu aliyekwisha kukimbia vita. Masomo yake yalikatika-katika. Alifikia kusoma Kilatini, lugha ya wasomi wote wa wakati ule, akiwa na miaka kumi na sita, katika shule ya Ndugu mjini Přerov, akiketi pamoja na wadogo zake kwa umri. Mafundisho yenyewe yalikuwa ya kukariri maneno yasiyoeleweka, na fimbo mgongoni. Baadaye, akiwa mtu mzima mwenye sifa, aliandika kwa huzuni kwamba yeye ni mmoja wa maelfu ambao masika ya ujana wao yalipotezwa bure na shule mbaya. Hakuyasema kwa kujihurumia. Aliyasema kama mtu anayetafuta nani mwingine anaweza kuokolewa.

Kanisa liliona akili yake, likamtuma mbali pamoja na vijana wengine wachache. Mwaka wa 1611 alifika Herborn, Ujerumani, kwenye chuo cha Wareformed kilichojulikana sana. Huko alisoma kwa Piscator, mfafanuzi wa Biblia, na kwa Alsted, mwalimu kijana aliyemzidi miaka minne tu, ambaye alitaka kukusanya elimu yote ya dunia katika mpango mmoja. Mwaka wa 1613 alipita Heidelberg. Alipenda vitabu kiasi cha kununua huko hati ya mkono ya Copernicus, yule mtaalamu wa nyota aliyesema dunia inazunguka jua. Pesa ilipokwisha alirudi kwao kwa miguu, na safari yenyewe ni ndefu. Wale waliosoma Kinshasa au Kampala na kurudi Kivu na sanduku moja la vitabu watamwelewa.

Sasa angalia alirudi kufanya kazi gani. Mwaka wa 1614 aliingia kufundisha watoto katika shule ileile ya Přerov ambamo yeye mwenyewe alikuwa ameteseka. Kitu cha kwanza alichowaandikia kilikuwa kitabu kidogo cha sarufi chenye kanuni rahisi zaidi, ili Kilatini kisiwe tena adhabu. Alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka wa 1616. Mwaka wa 1618 alioa Magdalena Vizovská, akapewa kusanyiko la Fulnek pamoja na shule yake. Mchungaji na msimamizi wa shule, kazi mbili katika mtu mmoja. Wachungaji wengi wa kwetu vijijini wanaishi hivyo, na mara nyingi wanaihesabu ile ya pili kuwa mzigo wa ziada.

Miaka ya Fulnek ilikuwa ya furaha, na ilikuwa mitatu tu.

Tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka wa 1620 jeshi la Waprotestanti wa Bohemia lilishindwa karibu na Praha, kwenye kilima kinachoitwa Mlima Mweupe. Mwaka uliofuata viongozi 27 waliuawa hadharani katika uwanja wa mji, na Fulnek ikaporwa. Comenius alikimbia kujificha, akimwacha mke wake mwenye mimba na mtoto mdogo. Mwaka wa 1622 tauni ilimwua Magdalena na watoto wote wawili. Mwaka wa 1623 vitabu vyake alivyoacha Fulnek vilichomwa moto uwanjani mbele ya watu. Wasomaji wa Masisi, wa Fizi, wa Ituri hawahitaji nielezee zaidi. Aliishi akihama-hama katika mashamba ya mtawala mmoja mwema aliyewalinda wachungaji, Karel wa Žerotín, na katika maficho hayo aliandika vitabu vya kujifariji yeye na wenzake. Mwaka wa 1624 alioa tena, Dorota Cyrillová, binti wa mmoja wa maaskofu wa Ndugu. Mwanzoni mwa 1628, sheria zikiwa zimewafunga kabisa, walivuka milima wakati wa baridi na kuingia Polandi. Katika nchi yake hakurudi kuishi tena mpaka kufa.

Mji wa Leszno uliwapokea. Hapa ndipo habari inayomhusu binti wa paroise yetu inapoanza.

Kanisa la wakimbizi lina haja nyingi: chakula, nyumba, barua, kesi. Comenius alikuwa na miaka 36, alifundisha katika shule ya sekondari ya mji ili apate mkate, na nyumbani mwake walikuwako mabinti wadogo. Alitumaini kama wote kwamba vita vitakwisha na watarudi. Akajiuliza swali ambalo sijasikia mara nyingi katika mikutano yetu ya kanisa juu ya amani: siku tutakaporudi, nchi iliyoharibika tutaanza kuijenga kutoka wapi? Jibu lake lilikuwa watoto, na kati ya watoto, wale walio wadogo kabisa. Basi katika miaka hiyo ya kwanza ya ukimbizi aliandika kwa lugha yake vitabu viwili vinavyokwenda pamoja.

Cha kwanza ni kile Kitabu Kikuu cha Mafundisho, Didactica. Ndani yake anagawa masomo ya mwanadamu katika shule nne, kila moja ya miaka sita. Tangu kuzaliwa mpaka miaka sita ni shule ya mama, nayo iko katika kila nyumba. Tangu sita mpaka kumi na miwili ni shule ya lugha ya nyumbani, katika kila kijiji, kwa wavulana na wasichana, kwa maskini na matajiri pamoja. Kisha shule ya Kilatini, katika kila mji. Kisha chuo kikuu, katika kila nchi au jimbo, mpaka miaka ishirini na minne, na baada yake safari za kuona dunia. Chuo kikuu hakukidharau hata kidogo. Alitaka wanaoingia wapimwe vizuri kwanza, wasiingie kwa sababu tu baba ana pesa. Lakini katika mpango huu chuo kikuu ni kama paa la nyumba, na shule ya mama ni msingi, na fundi ni mmoja. Mtu anayejua paa na hajui msingi hajajua nyumba.

Cha pili kinaitwa Informatorium ya shule ya mama. Ni kitabu kidogo. Comenius amekiandikia wazazi wacha Mungu, hasa akina mama, na watu wa kuwasaidia kulea, naye anaanza na neno ambalo lingewashangaza wasomi wenzake: watoto ni hazina ya thamani kuliko dhahabu na mawe yote ya bei, kwa sababu dhahabu haina uhai na mtoto ni mfano wa Mungu. Halafu anashuka katika mambo madogo kwa uvumilivu mwingi. Anazungumza na mama mwenye mimba juu ya chakula chake, utulivu wake na maombi yake. Anawasihi akina mama wanyonyeshe wenyewe, kwa kuwa desturi ya wakubwa wa Ulaya ilikuwa kumtoa mtoto kwa mwanamke wa kulipwa. Anasema juu ya usingizi, juu ya michezo, juu ya hatari ya kumpa mtoto dawa asipokuwa mgonjwa.

Kisha anaonyesha kwamba mizizi ya elimu zote zinazofundishwa chuo kikuu inaota kabla ya miaka sita. Mtoto akijua hili ni maji, hii ni ardhi, huu ni moto, ameanza elimu ya asili. Akitofautisha mwanga na giza, nyeupe na nyekundu, ameanza elimu ya kuona. Akimwonyesha mama yake mwezi, ameanza elimu ya nyota. Akijua nyumba yao iko wapi, na njia ya shambani, ni jiografia. Akikumbuka jana walikwenda wapi, ni historia. Akihesabu mpaka kumi na kujua saba ni nyingi kuliko tano, ni hesabu. Hata siasa na uongozi vinaanza pale anapojifunza ndani ya nyumba nani anamwangalia nani na kwa nini tunatii. Imani nayo inaanza mapema: kukunja mikono, kutazama juu, jina la Mungu likitajwa kwa heshima na upole kabla mtoto hajaweza kueleza chochote.

Na mchezo. Comenius hataki mtoto anyamazishwe. Anawalinganisha watoto na siafu wanaobeba na kuburuta na kujenga bila kuchoka, na kazi ya mkubwa ni kuwapa vitu vya kushika na kuwaangalia wasiumie. Mtoto mdogo, kwake, anajifunza zaidi kutoka kwa mtoto mwenzake wakicheza kuliko kutoka kwa mkubwa anayehutubu. Nilipomaliza kusoma sehemu hiyo nilifikiri juu ya ibada zetu za saa nne, ambamo mtoto wa miaka mitatu anapigwa kofi kwa sababu amegeuka.

Sura nyingine inanigusa kama mzazi. Anawakemea wazazi wanaotumia shule kama kitisho, wanaomwambia mtoto kwamba akifika kwa mwalimu atakiona. Mtoto huyo ataiogopa shule kama jela. Wafanye kinyume: siku inapokaribia wamnunulie kibao na mfuko, wamsimulie uzuri wa kujua kusoma, wampeleke amsalimu mwalimu kabla. Wala wasimpeleke mapema mno. Udongo upatilize ungali maji, wanasema wazee wetu, lakini hata udongo ukizidi maji haushiki chombo.

Kitabu hicho kilichapwa kwa Kijerumani mwaka wa 1633. Mwandishi wake, mwaka mmoja kabla, alikuwa amechaguliwa kuwa mmoja wa maaskofu wa Umoja wa Ndugu. Yaani askofu wa kanisa lililotawanyika, anayelia pamoja na wajane wa vita, anachapisha kurasa juu ya maziwa, toyi na nyimbo za kumlaza mtoto. Hakuona kwamba ameshuka cheo. Mwishoni mwa maisha alieleza kwamba yote aliyoyaandikia watoto aliyaandika akiwa mteolojia, wala si kwa sababu alikuwa ameacha uchungaji akawa mtu wa shule.

Hapa namrudia papa wa paroise. Shangazi asiyesoma anaweza kulea vizuri. Wengine wanatushinda sisi wote, na Comenius aliwaheshimu. Lakini nani atamfundisha mama kijana ambaye shangazi yake alibaki kijijini wakati wa kukimbia? Nani atakaa katika vile viwanja vya watoto vinavyofunguliwa kambini, na kutambua mtoto asiyesema tena kwa sababu ya aliyoyaona? Nani ataandika nyimbo na hadithi za maternelle kwa Kiswahili, Mashi, Kinande au Kilendu, badala ya kumkaririsha mtoto wa miaka minne Kifaransa kisichomwambia kitu? Nani atawaandaa monita wa ECODIM, ambao mara nyingi ni vijana tuliowapa watoto kwa sababu hawakupata nafasi katika kwaya? Elimu ya bure iliyotangazwa mwaka wa 2019 ilihusu shule ya msingi. Maternelle nyingi zinaishi kwa kile wazazi wanacholeta, na mama mwalimu anapata mwisho. Siwezi kumwahidi papa kwamba binti yake atakuwa tajiri. Ninajua tu kwamba kazi hizi zipo, zinahitaji mtu aliyesoma mpaka juu, na kwa kawaida tunamtuma asiyesoma.

Comenius mwenyewe hakuwa mtakatifu wa sanamu, na lazima niseme ukweli huo hasa kwa makanisa yetu. Aliamini manabii. Watu watatu wa wakati wake walitoa maono kwamba watawala waliowatesa Waprotestanti wataanguka karibuni, naye aliyatafsiri maono hayo na kuyachapisha, ingawa ndugu wenye busara walimwonya. Hayakutimia. Tena mwaka wa 1655, mfalme wa Uswidi alipoivamia Polandi, Comenius alimwandikia kitabu cha kumsifu, akiwa bado anakula mkate wa Wapolandi. Mwezi wa 4 mwaka wa 1656 askari wa Polandi waliichoma Leszno kulipiza kisasi. Nyumba yake iliungua pamoja na kamusi ya lugha yake aliyoikusanya kwa zaidi ya miaka arobaini tangu alipokuwa mwanafunzi. Hasara hiyo, aliandika, ataacha kuililia siku atakapoacha kupumua. Sisi tunaoombwa kila siku kubariki upande fulani wa silaha tungefaa kuisoma habari hiyo polepole.

Lakini nimekimbilia mbele. Kati ya 1628 na 1656 sifa yake ilikuwa imeenea Ulaya yote. Kitabu chake cha Kilatini, Janua, cha mwaka wa 1631, kilitafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya na hata za Asia. Kilianza na vitu vya dunia na maneno yake pamoja, kanuni zikafuata nyuma. Mwaka wa 1641 aliitwa London na marafiki waliotaka afungue chuo cha wasomi wa mataifa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafunga mlango. Alikaa miaka sita Elbląg akiandika vitabu vya shule kwa ajili ya Uswidi, akilipwa na tajiri Louis de Geer. Marafiki wa London walisikitika: mtu wa akili namna hii, anayeweza kupanga elimu yote ya dunia, anapoteza miaka kwa vitabu vya wanafunzi! Kwa kweli hata yeye alinung'unika mara kwa mara. Kazi kubwa ilimvuta, kazi ndogo ilimchosha, na aliendelea na ndogo kwa sababu ndiyo aliyoahidi.

Mwaka wa 1648 vita vya miaka thelathini vilikwisha. Wakubwa walitia sahihi mapatano, na nchi ya Ndugu iliachwa nje. Hawatarudi. Mwaka uleule Dorota alikufa, na Comenius, ambaye sasa alikuwa askofu mkuu wa kanisa lililokuwa linakufa, alioa mara ya tatu mwaka wa 1649. Miaka minne iliyofuata, 1650 mpaka 1654, aliikaa Hungaria, Sárospatak, akijaribu kutengeneza shule ya madarasa saba, yalifunguliwa matatu. Aliwafanya wanafunzi waigize masomo jukwaani, walimu wakalalamika, wazazi wakafurahi.

Huko Sárospatak alianza kitabu ambacho kimemfanya akumbukwe kuliko vyote. Kilitoka Nürnberg mwaka wa 1658, kwa sababu Hungaria hakupatikana fundi wa kuchonga picha. Kinaitwa Orbis pictus, dunia katika picha: sura 150 hivi, kila moja na picha juu na maneno chini kwa Kilatini na Kijerumani, namba zikiunganisha neno na kitu kwenye picha. Mwanzoni kuna alfabeti ya sauti za wanyama, kunguru na kondoo na wengine, ili mtoto aigize mnyama na papo hapo awe amesoma herufi. Alitaka mtoto apewe kitabu hicho nyumbani akitazame apendavyo, hata kabla ya kwenda shule. Kwa miaka zaidi ya mia moja kilikuwa kitabu cha watoto wa Ulaya. Goethe alikitumia utotoni. Kila kitabu cha maternelle chenye picha ya kuku na neno kuku chini yake ni mjukuu wake.

Baada ya moto wa Leszno alifika Amsterdam akiwa na miaka 64, bila kitu. Mtoto wa yule tajiri de Geer alimpa makao. Mwaka wa 1657 alichapa kazi zake zote za mafundisho katika kitabu kimoja kikubwa, na ile Didactica ikatoka kwa mara ya kwanza kwa Kilatini. Kisha alitumia miaka yake ya mwisho kwa kazi moja ya sehemu saba juu ya kutengeneza mambo yote ya wanadamu. Katika sehemu ya nne aliirudia ramani yake ya shule na kuipanua. Sasa maisha yote ni shule: kuna shule ya kabla ya kuzaliwa, ambayo ni wajibu wa wazazi, shule ya mtoto mchanga, shule za utoto na ujana, shule ya watu wazima, ya wazee, na ya kufa. Na kwa watoto wa karibu miaka sita alifikiri sasa juu ya kitu zaidi ya nyumba: makutano madogo ya watoto wa jirani chini ya mama mwaminifu, wakicheza, wakiimba, wakihesabu, wakizoea kukaa pamoja. Froebel, anayehesabiwa baba wa shule za watoto wadogo, alikuja karibu miaka mia mbili baadaye.

Comenius alikufa Amsterdam tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka wa 1670, akazikwa Naarden, katika kanisa dogo la Wawaloni, wakimbizi wengine. Umoja wa Ndugu ulionekana umekufa pamoja naye. Lakini binti yake Alžběta alikuwa na mtoto, Daniel Ernst Jablonski, aliyelelewa katika imani hiyo na kuwa askofu. Ni Jablonski, mwaka wa 1735, aliyemweka mikono askofu wa kwanza wa Ndugu waliofufuka kule Herrnhut, na kutoka Herrnhut wamisionari walikwenda duniani kote. Walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania, mwaka wa 1891. Jirani zetu wa Kanisa la Moravian wanaoimba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni wa ukoo huo.

Makaratasi yake yalichelewa zaidi kuliko watu. Didactica ya lugha yake mwenyewe iligunduliwa Leszno mwaka wa 1841, katika masanduku ya kanisa yaliyosalimika. Informatorium ya shule ya mama ilichapwa kwa lugha aliyoiandikia mwaka wa 1858. Na ile kazi kubwa ya mwisho, yenye shule zote za maisha tangu tumboni mpaka kaburini, ilidhaniwa imepotea kabisa, mpaka katika miaka ya 1930 mtafiti mmoja alipoikuta mjini Halle, Ujerumani, katika maktaba ya nyumba ya yatima.